Kabla Hujamwandikisha Mwanao, Ingia Shule ya Mtaani Kwako Uione



Leo naanza kwa kukiri kosa langu. Kwa miaka sita nimekaa nyumba ambayo ukipanda darini unaiona shule ya msingi ya serikali ya mtaa wetu huku Kisauni: uwanja wake, mwembe wake, na watoto wakipanga foleni asubuhi. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kulivuka lango lake isipokuwa siku ya kupiga kura. Hata hivyo, ungeniuliza shule ile ikoje, ningekujibu papo hapo: "Ah, pale hakuna kitu."

Nilijuaje? Sikujua. Nilisikia barazani, na aliyenambia naye alisikia kwa mwengine.

Kifungua mimba wangu nilimpeleka akademi. Basi lilimpitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, macho yamejaa usingizi, akarudishwa jioni hana nguvu hata ya kushika juzuu. Karo niliilipa kwa kukopa huku na kuziba kule. Siku moja ya likizo ya Agosti, akiwa gredi ya tatu, nyanya yake alimpa kipande cha gazeti amsomee, kwa kuwa miwani ya bibi ilikuwa imevunjika. Mtoto akayatamka maneno kwa kukwaruza mpaka mwisho. Nyanya akamuuliza, "Haya, wasema nini hao?" Akabaki kunitazama mimi.

Mtoto wa jirani, rika lake, msomi wa shule ile ile niliyosema haina kitu, alikuwa amekaa pembeni. Akakichukua kile kipande, akafuata mistari kwa kidole, polepole. Kisha akasema, "Wasema samaki wamepanda bei, nyanya. Bahari ni kali, wavuvi hawatoki."

Mtoto mmoja si ushahidi, na sisemi akademi zote ni mbaya au shule za serikali zote ni nzuri. Ila nilijiona mpumbavu. Nilikuwa nikinunua viazi sokoni navigeuza kimoja kimoja, lakini shule ya mwanangu nilichagua kwa maneno ya barazani. Dada yake alipokaribia umri wa kuanza, nikaamua safari hii naenda kutazama mwenyewe. Haya hapa chini ndiyo niliyojifunza, huenda yakamfaa mzazi mwenzangu.

Mizani ya zamani imeondoka

Sisi tuliosoma mfumo wa 8-4-4 tulizoea kuuliza swali moja tu: "KCPE walipata mean score ngapi?" Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa mtoto hufanya tathmini ya KPSEA mwisho wa gredi ya sita, na haimchuji wala haimtoi. Anaendelea moja kwa moja hadi gredi ya saba, na tangu Januari 2023 madarasa hayo ya sekondari msingi yamewekwa ndani ya shule za msingi. Maana yake ni kwamba ukimwandikisha mtoto PP1 leo, huenda unamchagulia mahali pa kukaa miaka 11, mpaka gredi ya tisa.

Kipimo cha pili tunachokipenda ni Kiingereza. Tukisikia mtoto wa chekechea anasema "good morning teacher" tunayeyuka. Lakini sera ya elimu nchini yenyewe inataka mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya mahali anapoishi, na kwetu sisi lugha hiyo ni Kiswahili. Mwalimu wa gredi ya kwanza anayefafanua hesabu kwa Kiswahili si mwalimu dhaifu. Anafanya linalotakiwa.

Kipimo cha tatu ni sare ya kupendeza, lango lililopakwa rangi na basi lenye jina. Hivyo vyote viko nje ya darasa.

Nenda siku ya kawaida

Usiende siku ya kufungua shule wala siku ya kufunga. Usingoje pia Januari, maana wakati huo ofisi imejaa watu na mwalimu mkuu hana nafasi hata ya kunywa chai. Chagua Jumanne au Jumatano ya muhula wa pili, au mapema muhula wa tatu. Fika saa mbili kasorobo. Usiingie kama askari kanzu, nenda ofisini, jitambulishe, sema, "Mwalimu, mimi ni mkaazi wa hapa, nina mtoto wa kuanza mwakani, naomba kuiona shule." Jibu utakalopata hapo tayari ni kipimo. Mimi mwalimu mkuu alinambia, "Karibu baba fulani, ila usitarajie makubwa," akanipa mwalimu wa kunizungusha.

Kitu cha kwanza cha kutazama ni hiki: kengele ikilia, hesabu dakika kumi, kisha pita kwenye varanda. Madarasa mangapi hayana mwalimu? Moja, pengine ana udhuru. Manne au matano, hiyo ndiyo tabia ya shule. Jengo zuri halimfundishi mtoto aliyeachwa peke yake na kiongozi wa darasa anayeandika majina ya wapiga kelele.

Cha pili, idadi. Kipimo kinachotajwa ni wanafunzi 40 kwa mwalimu mmoja. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003, shule nyingi za miji yetu zimefurika na kupita hapo. Uliza hasa gredi ya kwanza hadi ya tatu, kwa sababu hapo ndipo mtoto anapojifunza kusoma au anapoachwa nyuma. Uliza pia walimu wangapi wameajiriwa na TSC na wangapi ni wa BOM, yaani wale wanaolipwa na halmashauri ya shule kwa pesa zinazokusanywa. Walimu wa BOM wengi hufanya kazi kwa moyo, lakini pesa zikikauka huondoka, na darasa hubaki hivyo hivyo.

Vitabu haviongopi

Ukiwa na nafasi ya kufanya jambo moja tu, fanya hili. Waombe watoto watano wa mtaani kwako wanaosoma pale wakuonyeshe madaftari yao. Tafuta wa aina zote, yule hodari na yule mzito.

Tazama tarehe: wanaandika kila siku, au kuna wiki nzima iliyopotea? Tazama kalamu nyekundu: mwalimu amesahihisha? Ameweka alama ya vema tu, au pale mtoto alipokosea amemwonyesha? Nimeona daftari la akademi yenye karo ya kutisha ambamo kosa moja la kutoa kwa kukopa limerudiwa kurasa nane, na kila ukurasa una vema. Nimeona na daftari la shule ya serikali ambamo mwalimu mwenye watoto sitini ameandika, "Njoo nikuonyeshe."

Kisha wape kitabu wasome. Kuna mradi unaoitwa Uwezo, ulioanza humu nchini mwaka 2009, ambao watu wake huenda majumbani na kuwapa watoto herufi, maneno, aya na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mara kwa mara wamekuta watoto wengi wa darasa la tatu na hata kupita hapo hawaiwezi hadithi hiyo. Nawe unaweza kufanya vivyo hivyo kwenye kibaraza chako baada ya madrasa. Mpe mtoto wa gredi ya tatu hadithi ya gredi ya pili, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Akimaliza, muulize alichoelewa. Swali hilo la pili ndilo nyanya alilomuuliza mwanangu, na mimi kwa miaka mitatu sikuwahi kumuuliza.

Ukiwa shuleni, uliza pia habari ya vitabu vya kiada. Tangu mwaka 2018 serikali hupeleka vitabu moja kwa moja shuleni, kwa lengo la kila mtoto kuwa na chake katika masomo makuu. Je, viko mikononi mwa watoto, au vimefungiwa kabatini visichafuke?

Choo, maji na njia

Omba kuviona vyoo. Usione haya. Kipimo cha shule za Kenya ni tundu moja kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30. Hesabu. Angalia mlango wa wasichana una komeo au umefungwa kwa kamba. Angalia kama kuna maji, maana kwetu mfereji hukauka wiki nzima na mtoto wa Kiislamu anahitaji maji ya kujitwahirisha. Mtoto aliyezuia haja tangu asubuhi hamsikii mwalimu. Na msichana aliyebaleghe, choo kikiwa hakina staha, atakaa nyumbani siku kadhaa kila mwezi, nawe utadhani ni mvivu.

Njia nayo uitembee kwa miguu, pamoja na mtoto, saa ile ile atakayopita. Kuna barabara kuu ya kuvuka? Nani anawavusha? Bodaboda zinapita kasi gani? Kuna kichochoro cha vijana wavuta bangi? Ukaribu wa shule ni mali kubwa. Mtoto anayetembea dakika nane analala mpaka jua litoke, anakunywa chai kwa utulivu, na akiumwa mamake anafika kabla homa haijapanda.

Pesa na sheria

Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Michango mingine inahitaji idhini ya Waziri, na hata ikiidhinishwa, mtoto hafai kunyimwa masomo kwa kuwa mzazi hakulipa. Sheria hiyo hiyo inakataza mtoto kufanyiwa mtihani wa kukubaliwa katika shule ya umma, ila ule wa kujua ni darasa gani linalomfaa.

Lakini tuseme kweli yote. Kiwango ambacho serikali imeweka kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Gawa kwa miezi tisa ya masomo uone ni kiasi gani kwa siku. Ndiyo maana utaambiwa kuna pesa ya mwalimu wa BOM, ya mlinzi, ya karatasi za mtihani. Uliza maswali matatu kwa upole: ni kiasi gani kwa muhula, nani aliamua katika mkutano upi, na je, hutolewa risiti? Shule yenye majibu hayo hapo hapo ni shule inayotunza hesabu. Shule inayokasirika ukiuliza, weka alama.

Kiboko kimepigwa marufuku tangu mwaka 2001, na Sheria ya 2013 ikakaza. Hilo usimuulize mwalimu, waulize watoto. Na ukiwa kwenye varanda, sikiliza mwalimu anavyomwita mtoto aliyechelewa.

Dini na madrasa

Kwetu sisi swali hili haliepukiki. Je, kuna mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, au somo liko kwenye ratiba tu na saa yake huliwa na hesabu? Binti akivaa mtandio anaachwa? Mwezi wa Ramadhani michezo hupunguzwa?

Halafu kuna suala la saa. Kanuni za elimu za mwaka 2015 zinaweka masomo ya shule za kutwa kuwa saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, kisha michezo. Mtoto akitoka saa hiyo na shule iko mtaani, anawahi kula, kuswali alasiri na kwenda madrasa. Ikiwa kuna masomo ya ziada ya kulipia mpaka saa kumi na moja, au safari ya basi ya saa nzima, basi madrasa ndiyo inayokatwa. Wazazi wengi tumewapoteza watoto madrasani hivi hivi, si kwa kukusudia, bali kwa ratiba.

Ukikuta kasoro, umlilie nani?

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunamkimbilia MCA kwa kila kitu. Chekechea, yaani PP1 na PP2, ziko chini ya serikali ya kaunti. Kuanzia gredi ya kwanza, walimu huajiriwa na TSC, na pesa za masomo hutoka Wizara ya Elimu. Madarasa mapya mara nyingi hujengwa na NG-CDF, inayosimamiwa katika eneobunge. Malalamiko ya mafunzo hupelekwa kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo. Na mambo ya kila siku yako mikononi mwa halmashauri ya shule, ambayo wazazi wana viti vyao ndani yake. MCA hawezi kukuletea mwalimu wa gredi ya nne hata akitaka.

Ukijua hayo, utaweza kuzitenga kasoro mafungu mawili. Tangi limepasuka, madawati hayatoshi, mlango hauna komeo: hizo ni kasoro za vitu, na wazazi wakishikana hurekebishwa. Walimu hawaingii darasani, watoto wanapigwa na kutukanwa, mwalimu mkuu hataki kuulizwa: hizo ni kasoro za watu, na mtoto wa miaka sita hana muda wa kungoja zitengenezwe.

Dada yangu anayekaa Likoni aliniomba tukaitazame ya kwao. Tulikaa pale masomo mawili, madarasa matatu hayakuona mwalimu. Tulipouliza, tuliambiwa, "Hilo si lenu." Nilimwambia dadangu atafute kwengine, na akapata shule nyengine ya serikali, dakika kumi mbele kidogo.

Ile ya mtaani kwangu niliikuta na darasa la watoto 58, vyoo viwili vibovu na tangi moja la maji. Lakini kila darasa nililopita lilikuwa na mwalimu, madaftari yalikuwa yamesahihishwa, na watoto wanne kati ya watano niliowasomesha barazani waliielewa hadithi. Binti yangu nikamwandikisha. Kwa watoto 58, mwalimu hawezi kumfikia kila mmoja kila siku, kwa hivyo mimi au mamake hukaa naye robo saa kila usiku baada ya isha, asome na atueleze. Karo niliyookoa sikuifanya ya starehe. Sehemu yake ndiyo inayolipa ustadh wa madrasa na mchango wa BOM. Vyoo vile viwili tulivipigia kelele kwenye mkutano wa wazazi mara tatu. Kimoja kimetengenezwa, cha pili bado, na mkutano ujao nitasimama tena.

Kaka yake naye anamalizia mwaka kule kule, maana kumhamisha katikati ya masomo nako kuna madhara yake. Ila sasa kila akirudi namuuliza lile swali la nyanya.

Mzazi mwenzangu, kama mwanao anaanza Januari, tafuta cheti chake cha kuzaliwa mapema, maana kitaulizwa. Kisha chagua asubuhi moja wiki hii, vaa viatu, uende.

Wabillahi tawfiq.